Bibi harusi si mtu wa kuja: msafiri ana jina gani nyumbani kwako?

Mabibi harusi watarajiwa, na nyinyi mliomo katika mwaka wa kwanza wa ndoa, mada ya leo ni yenu, ingawa tutaizungukia kwa mbali kidogo. Mama wakwe na mawifi, nanyi msiondoke, kuna fungu lenu.

Kila msimu wa harusi kuna lalamiko ambalo halikosi kutufikia. Binti katoka Pemba kaolewa Unguja, au katoka Mombasa, Tanga au Ngazija, au katoka hapa kapelekwa Maskati. Siku ya kwanza anapokewa kwa udi, asumini na vigelegele. Miaka sita baadaye ana watoto watatu, watoto wanazungumza lafudhi ya hapo hapo, lakini akitajwa bado anaitwa "yule wa kuja". Kikikaliwa kikao cha familia anaambiwa, "Wewe mgeni, mambo ya hapa huyajui."

Sisi tunaona tatizo hili linaanzia kwenye jina. Mtu akishapewa jina, na haki zake hupimwa kwa jina hilo. Basi leo tutazame lugha mbalimbali zinamwitaje mtu aliyeiacha nyumba yao akashika njia, kisha turudi kwetu tujiulize tumechagua jina gani.

Neno moja, nyumba nyingi

Tuanze na neno tunalolijua. Msafiri wetu katoka kwenye Kiarabu, musafir. Neno hilo limetembea kuliko wengi wetu. Wahindi na Wapakistani wanaosema Kihindi na Kiurdu wanalo, ni musafir, na maana yake ni ile ile ya msafiri. Wairani wanalo. Waindonesia na Wamalei wanalo pia, na huwa linasikika zaidi pale panapozungumzwa mambo ya dini, kama swala ya safari na funga ya safarini.

Lakini tazameni lilivyofika Uturuki. Nyinyi wapenzi wa tamthilia za Kituruki, sikilizeni vizuri siku mlango ukigongwa: misafir kwa Kituruki si msafiri, ni mgeni wa nyumbani, yule anayetandikiwa, akapikiwa na kutiliwa chai. Anayesafiri wao humwita yolcu, kutokana na yol, yaani njia. Watawala wa Kituruki walipoeneza himaya yao Ulaya ya mashariki, neno likaenda nao na maana hiyo ya mgeni. Hadi leo Waalbania wanasema mysafir na Waromania wanasema musafir, na wote wanakusudia mgeni aliyekuja nyumbani. Bosnia palikuwa na nyumba zilizoitwa musafirhana, za kuwalaza wapita njia.

Hebu fikirini. Neno limetoka Uarabuni likiwa na maana ya mtu aliye njiani, likafika ugenini likawa na maana ya mtu wa kukirimiwa. Aliyelibadilisha ni mwenyeji. Yeye alimtazama msafiri, na kitu cha kwanza alichokiona ni wajibu wake juu yake. Wachina nao wana neno kama hilo kwa abiria, lüke, na hiyo ke ya mwisho maana yake ni mgeni.

Wapo waliotazama taabu

Lugha nyingine zimetazama upande mwengine. Waingereza wana neno travel, na wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye neno la Kifaransa travail, lenye maana ya kazi na taabu. Wengi wao huendelea nyuma zaidi hadi kwenye neno la Kilatini la chombo cha kutesea watu. Tusishangae. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humzuia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi haitaji tafsiri.

Wafaransa wenyewe wanasema voyageur. Asili yake ni neno la Kilatini viaticum, yaani masurufu, chakula na pesa za njiani. Kwao msafiri ni mtu wa masurufu. Hapo kila mama wa kisiwani anajiona mwenyewe, akimfungia bintiye visheti na mkate wa ufuta kwenye mkoba huku akifuta machozi kwa pembe ya kanga.

Na Waarabu, wenye neno lao, waliona kitu kingine kabisa. Herufi za asili za safar ni zile zile za kufunua na kudhihirisha. Alfajiri inapopambazuka, neno linatoka hapo. Mwanamke anapofunua uso wake, neno linatoka hapo. Wanazuoni wa lugha wa zamani walieleza kwamba safari imeitwa safar kwa sababu inafunua tabia za watu. Tuliweke hili akilini, tutalirudia tukifika kwa wachumba.

Jirani zetu wa Rwanda na Burundi

Huu ni mfano unaotupendeza kuliko yote. Kinyarwanda na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, karibu kama sisi na watu wa Mombasa. Zote zina neno umugenzi, linalotokana na kugenda, yaani kwenda. Rwanda, umugenzi ni msafiri. Ukivuka mpaka ukaingia Burundi, umugenzi ni rafiki.

Kwa mmoja ni mtu anayekwenda, kwa mwengine ni mtu unayekwenda naye. Masafa baina ya maana hizo mbili si makubwa.

Na sisi je?

Kiswahili chetu ni tajiri. Tuna msafiri, tuna abiria, tuna mpita njia, na hatumtengi mwanamke kwa neno lake peke yake kama wanavyofanya Waarabu na Wafaransa. Mwanamke ni msafiri kama mwanamme. Hata safari yetu wazungu waliichukua katika karne ya 19, lakini wao wameifanya kuwa ya kutazama simba na tembo tu.

Tuna pia neno ughaibuni. Asili yake ni ghaibu, kutokuwepo machoni. Hebu litazameni neno hili. Aliyekwenda London au Toronto hayuko ghaibuni kwa nafsi yake, yeye yupo alipo. Jina hilo kapewa na waliobaki, wanaotazama kitanda kitupu na sahani iliyopungua. Ni neno la mapenzi, la watu wanaohisi pengo.

Shida inaanza kwa anayekuja. Hapa tuna neno mgeni, na neno hilo lina nyuso mbili. Lina uso wa ukarimu, ndiyo tukasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lina na uso wa kumtenga mtu, pale tunapomwambia "hayakuhusu, wewe mgeni". Kisha tukaongeza "mtu wa kuja", ambalo halina uso wa ukarimu hata mmoja. Na mwanamke akizidisha safari, akenda kwao kumtazama mama yake mgonjwa mara mbili kwa mwezi, mtaani keshakuwa "kiguu na njia". Kaka yake akifanya hivyo hivyo anaitwa mtoto mwema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumtesa mgeni. Ni kumwambia kuwa siku za ugeni zimekwisha, sasa ni mwenzetu, jembe hili na mazao haya ni yetu sote. Lakini bibi harusi wengi wanapewa jembe siku ya pili, jiko na mafagio na nguo za familia nzima, na ugeni wao hauondoki. Kwenye kazi ni mwenyeji, kwenye maneno ni mgeni. Hiyo si haki, na tunasema bila kuzunguka.

Sharia imeweka ukomo

Dini yetu haikumwacha msafiri bila ya jina. Qur'ani imemwita ibn as-sabil, mwana wa njia. Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, ametajwa miongoni mwa makundi manane yanayopewa zaka. Wanazuoni wamefafanua kwamba anastahiki akikatikiwa njiani, hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu mali ya kwao haimfai pale alipo.

Tumpime bibi harusi kwa mizani hiyo. Kwao huenda alikuwa mtu mwenye jina: mwalimu wa chuo, mtoto wa fulani, anayeitwa kwenye kila shughuli. Kwenu hana hata mmoja wa kumuuliza maji yanafunguliwa saa ngapi. Hakupungukiwa mali, kapungukiwa watu. Ana haki juu yenu mpaka apate watu.

Kisha sharia ikaweka mwisho wa safari. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa ya kupunguza swala inamwondokea. Si msafiri tena, ni mkaazi. Haikuhitajika azaliwe hapo, wala bibi yake azikwe hapo, wala aijue lafudhi. Nia ya kukaa imetosha.

Basi mwanamke aliyekuja kwa nikaha, kwa nia ya kuishi, kuzaa na kulea, huyo ni mkaazi tangu wiki yake ya kwanza. Anaswali swala kamili hapo kwenu. Vipi mbele ya Mola wake awe mkaazi, na barazani kwenu awe wa kuja miaka kumi?

Kwa nyinyi wachumba

Sasa turudi kwenye safari inayofunua tabia. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake, kama amewahi kuamiliana naye kwa fedha, na kama amewahi kusafiri naye. Yote akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi humjui.

Binti huwezi kusafiri na mchumba kabla ya nikaha, hilo linajulikana. Lakini walii wako anaweza kuwatafuta waliosafiri naye: waliokwenda naye Umra, waliokaa naye bweni moja, waliofanya naye kazi mbali na kwao. Waulizwe mambo madogo. Boti ikichelewa anakuwaje? Chakula kikiwa kidogo anakula vipi? Nani alikuwa akiwaamsha wenzake Alfajiri? Pesa aliyokopa njiani aliilipa? Majibu ya hapo ni bora kuliko sifa za kwenye posa, ambapo kila mtu kavaa kanzu iliyopigwa pasi.

Na mkishaoana, jueni kwamba wenzetu wameipa ndoa jina la safari. Kwa Kiurdu, na kwa Kiajemi pia, yupo hamsafar, yaani mwenza wa safari, na nyimbo zao hulitumia kwa mume na mke. Azerbaijan mtu akimtaja mwenzi wake wa ndoa husema həyat yoldaşı, mwenza wa njia ya uhai, na hilo ndilo neno lao la kawaida, hata la kwenye makaratasi. Mume anayelielewa jina hilo hawezi kunyamaza mke wake akiitwa wa kuja mbele yake. Aliyekuja naye ni yeye.

Tunaloliomba

Hatuombi makubwa. Mama mkwe, mwite kwa jina lake, au mwite mwanangu. Wifi, mchukue umtambulishe kwa majirani wiki ile ile, usimwache awajue kwa kusengenywa. Kikao cha familia kikikaa, aulizwe rai yake naye asikilizwe. Akitaka kwenda kwao kwa idhini na kwa mipaka ya dini, afungiwe masurufu kama alivyofungiwa na mama yake, asipewe jina la mzururaji. Na wewe bibi harusi, nuia kukaa. Usiishi na mabegi ya moyo yamefungwa miaka mitatu ukingojea kurudi.

Waturuki walimpokea msafiri wa Kiarabu wakamwita mgeni. Warundi wanamwita anayekwenda rafiki. Sisi tunaloweza kulifanya ni jepesi kuliko hilo, kwani neno tunalo tayari: mwenyeji. Tumpe.

Ya Allah, wajaalie mabinti zetu walioolewa mbali wapate watu wa kuwapenda kama walivyopendwa kwao, na wajaalie waume zao wawe wenza wa njia mpaka mwisho wa njia. Amin.

Na kwenu nyumbani je, aliyeolewa kutoka mbali anaitwaje? Tuandikieni, tunasoma yote.