Kinga ya mwili hainunuliwi kwa chupa

VIJANA wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Ukifungua TikTok leo, humalizi dakika tano kabla ya kukutana na mtu anayekuuzia kitu cha ‘kuongeza kinga’. Mara ni unga wa mlonge, mara chupa ya tangawizi na kitunguu saumu, mara chai ya ‘kusafisha damu’. Tangawizi sina ugomvi nayo, hata kwenye chai naitia. Ugomvi wangu ni na ile ahadi iliyobandikwa kwenye chupa.

Kinga unayouziwa tayari unayo. Uboho ulio ndani ya mifupa yako hutengeneza chembechembe nyeupe za damu usiku na mchana. Kijitone cha mikrolita moja tu ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Ukijikata kwa kisu ukimenya viazi, zile ziitwazo nyutrofili ndizo hutangulia kufika, zikameza bakteria na nyingi zikafia papo hapo. Ule usaha unaoupangusa kwa kinyaa, sehemu kubwa ni mizoga yao.

Nyuma yao kuna seli B, ambazo hutengeneza kingamwili, na seli T. Miongoni mwa seli T kuna CD4, na hizi ndizo makamanda. Hupiga mbiu kwamba adui ameingia na kuzituma nyingine vitani.

Sasa fikiria adui anayemvamia kamanda mwenyewe. Hivyo ndivyo virusi vya HIV hufanya. Na havina haraka. Unaweza kukaa miaka ukicheza mpira, ukienda gym na kung’aa kwenye picha, kumbe CD4 zinapungua kimya kimya. Kwa kawaida huwa kati ya 500 na 1,500 kwa kila mikrolita. Zikishuka chini ya 200, hata vijidudu ambavyo mwili ulikuwa ukivipuuza hugeuka kuwa hatari. Hapo ndipo kifua kikuu, nimonia na utando mweupe mdomoni hupata nafasi. Hata fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa huweza kushambulia utando wa ubongo.

Wakati huo mwenye chupa yuko wapi? Anakwambia uongeze dozi. Anachokuuzia hasa ni kuchelewa, na sisi tunanunua kwa sababu kunywa chai ni rahisi kuliko kwenda kupimwa. Mbaya zaidi, kuna wanaoshawishiwa waache dawa za kupunguza makali ya virusi eti mitishamba imewatosha. Dawa zikikatizwa, virusi huzaana upya.

Utaniambia nyanya yako alikunywa mwarobaini akafika miaka 90. Sawa, na Mungu amzidishie. Mimi pia nasema lishe ina maana: asiyekula vizuri, kinga yake hudhoofika. Kwa hivyo kula maharagwe, sukuma na mayai. Lakini hakuna mmea uliothibitishwa kuangamiza HIV mwilini, na anayekuambia upo anataka pesa zako.

Kinachorudisha CD4 kinajulikana. Ni dawa za kila siku, ambazo hospitali za umma hutoa bila malipo. Ukizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo, huwezi kumwambukiza mpenzi wako kwa njia ya ngono. Na kama umekuwa hatarini, kuna dawa za kuzuia maambukizi ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kwisha. Usingoje Jumatatu.

Unaogopa kuonekana kwenye foleni? Kemisti nyingi huuza vifaa vya kujipima mwenyewe nyumbani. Kikionyesha una virusi, nenda kliniki wakahakikishe. Kikionyesha huna na tukio lilikuwa juzi tu, rudia baada ya miezi mitatu.

Kwa hivyo, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa uletewe chupa, jiulize swali moja: mara ya mwisho nilipimwa lini? Kama hukumbuki, basi unajua pa kuanzia.