Kikasha cha Manjano
Juzi kwenye boti ya mizigo iendayo Mafia nilimkuta baharia ameanika fulana yake juu ya kikasha cha manjano kilichobanwa ukutani, karibu na usukani. Nikamuuliza ni cha nini. "Hicho cha wakaguzi, mzee," akacheka. Kumbe ndicho kinachorusha ishara ya dharura ya megahezi 406 hadi kwenye setilaiti, na ndani ya ishara hiyo mna namba ya utambulisho. Mwenyewe akiwa amekisajili, waokoaji hujua ni chombo gani na wampigie nani simu. Asipokisajili, wanabaki kubahatisha. Nikaisogeza fulana. Tarehe ya betri ilishapita tangu 2021, antena imepinda kwa kuegemezwa ndoo, na kile kibano cha kujifyatua chini ya maji, ambacho hubadilishwa kila miaka 2, kimepakwa rangi ya mafuta pamoja na ukuta. Fundi alitaka kipendeze, nadhani. Wapo pia wenye bidii iliyopitiliza, wanaobonyeza kitufe cha majaribio kila asubuhi kana kwamba wanapiga honi, na kila jaribio linakula betri. Fuata kitabu chake. Kwa kawaida mara moja kwa mwezi yatosha. Kifute chumvi kwa kitambaa kibichi, kagua kama kina ufa, soma tarehe. Na ile kamba yake usiifunge kwenye boti hata siku moja: ni ya kukifungia kwenye boya mlilokimbilia, la sivyo chombo kikizama kitakivuta nacho chini.