Mageuzi Kazini: Yachezeni Kabla ya Kuyaleta

Rubani hangoji injini izimike angani ndipo ajifunze la kufanya. Hufunzwa mapema katika chombo cha kuigiza, akakosea mara kumi pasipo mtu kuumia. Mbona basi msimamizi wa kazi hujifunzia mageuzi migongoni mwa walio chini yake?

Mfano tunao hapa Nairobi. Mwaka 2014 serikali iliagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi badala ya pesa taslimu. Siku ya kuanza ilikuwa Julai 1, ikasogezwa hadi Desemba 1. Hata hivyo, abiria wa gari nambari 46 la Kawangware na nambari 8 la Kibera waliendelea kutoa noti na sarafu. BebaPay, kadi iliyoletwa na Google pamoja na Benki ya Equity mwaka 2013, ilifungwa 2015.

Usiseme watu wa matatu ni wakaidi tu. Mwaka 2004, sheria za waziri John Michuki ziliwataka wavae sare, wafunge mikanda na vidhibiti mwendo. Walinung'unika lakini wakatii. Wala hawakuchukia mitambo, kwani M-Pesa ilikuwapo tangu 2007. Tatizo ni kwamba kadi iligusa unga wa jioni. Dereva na makanga hujilipa kutokana na pesa za siku hiyo, baada ya kutoa za mafuta na fungu la mwenye gari. Pesa zikienda benki moja kwa moja, wao watalipwa na nani jioni?

Swali hilo lingejitokeza katika mchezo wa saa moja. Ikiwa wewe ni mwenyekiti wa chama cha matatu, msimamizi wa duka au kiongozi wa vijana wanaozoa taka, jaribu hivi. Vifuniko vya soda viwe pesa. Badilisheni nafasi: mwenyekiti awe makanga, makanga awe mwenye gari, mwingine awe abiria asiye na kadi. Chezeni siku moja kwa desturi ya zamani, kisha siku ya pili kwa utaratibu mpya. Mwishoni kila mmoja ahesabu vifuniko vyake, na aliyepungukiwa aeleze vilikopotelea.

Hapo fuateni njia ya Augusto Boal, Mbrazili aliyebuni michezo ya jukwaani ambayo mtazamaji huruhusiwa kuisimamisha, akaingia na kuigiza suluhisho lake. Yeyote na aseme "Simama!" aonyeshe anavyofikiri.

Lakini angalia! Ukimwadhibu aliyesema ukweli mchezoni, siku nyingine wote wataigiza utiifu. Na usipobadilisha chochote katika mpango wako baada ya mchezo, umewapotezea wakati.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mpango wako, bwana mkubwa, huonwa kwanza na yule anayening'inia mlangoni mwa gari. Mpe nafasi akuonyeshe.