ZAWADI ISIYOLIKA SI ZAWADI

Leo twataka kusema juu ya makapu ya Krismasi.

Kila Desemba mabwana wakubwa hugawa makapu, nasi hutakiwa kupiga makofi. Katika karakana moja, jina hatulitaji, kila mtu alipewa kapu la namna moja: biskuti, chupa ya mvinyo na mkebe wa nyama ya nguruwe. Mzee mmoja Mwislamu, fundi wa miaka mingi, alitwaa biskuti, akarudisha chupa na mkebe kwa adabu. Msimamizi akamwambia mbele ya watu ya kuwa hana shukrani. Baadhi yetu tulikuwapo. Tulicheka, tena tukagombania ile chupa. Aibu hiyo ni yetu.

Wengi wetu tu Wakristo. Tulifundishwa Krismasi katika shule za misheni, na twaipenda. Neno hili si la kuipinga. Twasema hivi tu: mtu akikupa usichoweza kula, amejipa sifa mwenyewe, wewe hakukupa kitu.

Wako wasemao, "Ni jambo dogo, ampe jirani." Si dogo. Wasabato nao hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Wahindu wengi hawali nyama kabisa. Je, hao wote hawana shukrani? Ama aliyenunua hakujali kuuliza?

Reli ilipojengwa kutoka Mombasa mpaka Kisumu, mwaka 1896 hata 1901, waliofanya kazi ile walikuwa Waislamu, Wahindu, Kalasinga, na Waafrika wa dini mbalimbali. Mwaka 1947 wafanya kazi wa reli na wa bandari walipogoma Mombasa, Mwislamu na Mkristo waligoma pamoja. Chama hakigawanyiki kwa dini. Basi kapu lisitugawanye.

Hatuombi hisani. Katiba ya 2010 yasema serikali haina dini. Sheria ya Kazi ya 2007 yakataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya dini yake. Na Idi-ul-Fitr ni sikukuu ya nchi nzima kama Krismasi ilivyo. Mbona siku ya Idi hatuoni hata kilo ya sukari?

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Kabla ya kununua, wakubwa waulizane na wajumbe wetu wa chama.
2. Kapu liwe la vitu viliwavyo na wote: unga, mchele, sukari, majani ya chai, ama kila mtu apewe fedha za thamani ile ile.
3. Atakaye zawadi yake wakati wa Idi ama Diwali, apewe wakati huo.

Haya hayaongezi gharama hata senti moja. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi twaongeza: kutoa ni kuuliza kwanza.

Na yule mzee, tumekwisha kumwendea kumtaka radhi. Msimamizi bado hajaenda. Twamngoja.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana