Funguo za tovuti anazo nani?

Wazazi wenzangu, jirani yangu hapa Mikindani ana vyumba vichache vya kulala wageni, wengi wao wakiwa safarini kwenda ufukwe wa Msimbati. Kijana wake alipomaliza kidato cha sita alimtengenezea tovuti nzuri, kisha akaenda chuo Dodoma.

Bei zilipopanda, tovuti ikabaki na za zamani. Wageni wakaja wakidai bei walizosoma. Mzee akapiga simu kwa ukali. "Baba, neno la siri lilikuwa kwenye simu iliyopotea," kijana akajibu. Mzee akaona anadharauliwa. Ramadhani nzima hawakuzungumza.

Kosa halikuwa la kijana peke yake. Siku ya kuchagua mfumo wa kuendeshea tovuti, hakuna aliyeuliza: huyu akiondoka, nani ataufungua?

Hata wataalamu waligombana kwa jambo kama hilo. Mwaka 2005 waliokuwa wakiunda mfumo uitwao Mambo walitofautiana na kampuni iliyomiliki jina hilo kuhusu nani awe na mamlaka. Wakajitenga, na mfumo wao wakauita Joomla, kutokana na neno letu "jumla", yaani wote kwa pamoja.

Joomla ni ya bure, sawa na WordPress iliyoanza mwaka 2003 na Drupal. Unacholipia kila mwaka ni jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi. Kwa biashara ndogo ya familia, WordPress ina nafuu moja: mafundi wanaoijua ni wengi, hivyo mmoja akihama utampata mwingine. Zipo pia huduma za kulipia kwa mwezi. Hizo ni rahisi, lakini ni kama chumba cha kupanga: ukihama, mengi unayaacha.

Kabla ya kumlipa fundi, awe mwanao au mtu baki, mwambie: "Nipe simu nibadilishe bei mwenyewe." Ukishindwa baada ya kuelekezwa mara mbili tatu, mfumo huo haukufai. Jina lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Neno la siri liandike kwenye daftari, ulifungie pamoja na hati za shamba. Omba pia nakala ya tovuti nzima.

Sikukuu ya Idi kijana alirudi. Wameanza upya, na sasa bei hubadilishwa na mama yake.