Nakshi hazizuii mtutu kupasuka

Mwandishi wa safu ya uwindaji anatuambia kwamba anayenunua shotigani kuukuu ya Uingereza atazame mbao na nakshi tu, kwani iliyodumu miaka 80 haina la kuficha. Hiyo ni hoja ya muuzaji.

Bunduki nyingi za zamani za huko zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za marisau za leo ni za 70. Risasi ndefu huingia bila kukwama, na hatari iko hapo hapo: ikifyatuliwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Basi ukishahakikisha bunduki haina kitu ndani, soma mihuri iliyo chini ya mitutu. Hupigwa na taasisi za kupima silaha; ya Birmingham ipo tangu 1813.

Lakini muhuri huthibitisha hali ya siku ya kipimo. Mtutu ukikwanguliwa baadaye kuondoa kutu, chuma hupungua. (Mng'ao mkali wa ndani hunitia shaka kuliko vumbi.)

Eti fundi ni gharama! Asiyetaka kumlipa fundi apime unene wa mitutu, asinunue.