Kilichoungua Siyo Chenye Kosa

Wenzangu wa uhandisi, hasa mnaojiandaa kwenda fildi, naomba niwasimulie nilivyoaibika, halafu niseme ninachokitaka kutoka idara yetu.

Nilipangiwa gereji ya mtaani. Siku ya tatu ikaletwa gari ndogo ya abiria, injini inamisi, silinda moja haipati mafuta. Fundi mkuu akafungua kontroboksi, akaniita: "Injinia, njoo uone." Kwenye sehemu inayoendesha nozeli, transista moja ilikuwa imeungua mpaka maandishi yamefutika, na bodi chini yake imekuwa nyeusi.

Hapo nikajiona nimefika. Nozeli ni nne, kila moja ina transista yake, na zote ni za aina moja. Nikasoma namba kwenye transista ya jirani, tukanunua kama ile, nikakwangua masizi, nikalehemu. Injini ikatulia. Nikapiga picha, nikarusha kwenye grupu la darasa.

Dakika kumi baadaye, harufu ileile.

Fundi hakunigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, umezika bila kuuliza marehemu kafa na nini." Akachomoa soketi za nozeli, akapima koili moja moja kwa multimita. Tatu zilisoma karibu omu 14. Ya nne ilisoma 2. Koili yake ilikuwa imeshoti kwa ndani.

Hesabu yake ni ya sekondari. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14. Koili ya omu 14 inapitisha ampia 1, ya omu 2 inapitisha 7. Na joto ndani ya transista ya aina ile hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo siyo mara 7, ni mara 49. Ile transista haikuwa na kosa. Ilibebeshwa mzigo usio wake, na mimi nikaweka ya pili ikafa vilevile. Kupima koili, kukagua nyaya zilizochubuka, na kupima diodi inayozuia volti inayoruka nozeli inapozimwa, vyote hivyo visingenichukua hata nusu saa.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ya Ohm nimeifaulu. Ripoti za maabara nimeandika nyingi tu. Lakini tuambiane ukweli: maabara tunapewa sakiti nzima, jibu linajulikana kabla hatujawasha umeme, na ripoti ya mwaka jana inazunguka kwenye simu zetu. Hakuna aliyewahi kutupa kitu kibovu akasema, "Haya, tafuteni."

Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya fundi, sisi tumekuja kujifunza kubuni. Sawa, ila asiyejua vitu vinakufaje atabuni vitu vya kufa. Na leo ni nozeli. Kesho utakuwa mbele ya mashine ya hospitali, umeona fyuzi imekatika, unaweka nyingine bila kuuliza kwa nini.

Basi nawaomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi walipeleke hili idarani: kila muhula liwepo zoezi moja la bodi mbovu. Gharama siyo kisingizio, maana gereji na mafundi redio wana makopo ya bodi zilizokufa. Alama zitolewe kwa njia ya kutafuta: ulipima nini, ulipata nini, ulikiondoaje kwenye orodha ya washukiwa. Hata usipoitengeneza, upate haki yako. Na aalikwe fundi wa mtaani akae pembeni atuulize maswali.

Transista ile ya pili haikuwa ghali. Ila dereva wa gari ile alikosa hesabu ya tajiri wake kwa siku ya pili mfululizo, kwa sababu ya haraka yangu. Kwenye logibuku yangu hilo sikuliandika. Niliandika: "Nimebadilisha transista." Msimamizi akasaini.